Kiti cha Mbele cha Maud

Hester Thirkell ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na habari hii haitoki kinywani mwake. Ukimuuliza atakumiminia chai, atakwambia mvua inakuja, basi. Kwa hiyo nitaisema mimi. Siku ile nilikuwa na meza yangu ya chai na keki pale pale uwanjani, na yale ambayo sikuyaona kwa macho yangu nimeyapata kwake kidogo kidogo, kwa miaka.

Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya ndege za kale, kwenye uwanja wa nyasi wa Saxwold, ambako ukipanda juu ya paa la banda unaiona Bahari ya Kaskazini. Siku njema, jua la adabu, upepo mwepesi. Watu walikuja na viti vya kukunja, mbwa wao, na soseji zilizookwa ndani ya kinyunya. Ndege ndogo zilipangwa kando ya ua wa miti, zimepigwa rangi na kung'arishwa. Zote ni za kiraia, za kufundishia na za matembezi. Hakuna hata moja iliyowahi kubeba bomu, na wenyewe hupenda kukukumbusha hilo hata kama hukuuliza.

Ya Hester ilikuwa ya bluu na fedha, mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili vya wazi, kimoja mbele, kimoja nyuma. Baba yake, Mzee Aldous, aliikuta ikiwa gofu ndani ya ghala la viazi, akaiunda upya kwa mikono yake, akaiita Maud. Hilo lilikuwa jina la mama mkwe wake. Alisema wote wawili hutetemeka na kulalamika asubuhi, na hawaamki mpaka uwabembeleze.

Kwenye Maud, rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, la sivyo ndege inakosa ulinganifu. Kiti cha mbele hubaki kitupu. Lakini huko mbele nako kuna fimbo ya usukani, imeunganishwa na ile ya nyuma, na mikanda ikiachwa inaning'inia inaweza kuinasa fimbo hiyo ndege ikiwa angani. Kwa hiyo kabla ya kuruka lazima mtu aifunge mikanda ya kiti kile kitupu, aibane kabisa, kana kwamba kuna mtu amekaa. Mzee Aldous alikuwa na mtindo wake: mkanda wa kushoto chini ya wa kulia, ncha zikunjwe mara mbili, zichomekwe ndani. Alimfundisha Hester tangu akiwa na meno ya utotoni. Wengine wote pale uwanjani hufunga ovyo ovyo tu. Hata Romilly, binti yake Hester, hakuuweza. "Mama, hayo ni mambo yenu wewe na Babu," alikuwa akisema. "Mimi niachieni kuruka."

Romilly alikuwa mtoto wake wa pekee. Alimlea bila mume, kwa kazi ya kushona maturubai, na kama ungetaka kumjua Hester, ungemtazama akimtazama binti yake akiruka. Hakuwa anapumua mpaka magurudumu yaguse nyasi.

Sasa, mwaka wa mwisho wa uhai wake, daktari alimpiga Mzee Aldous marufuku kuruka. Moyo. Mzee akakasirika kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Akaomba basi apandishwe tu, akae kiti cha mbele, Romi aendeshe. Hester akakataa.

"Baba, moyo wako."

"Moyo wangu au woga wako?"

"Baba, nimesema hapana."

Mzee alikuwa na peremende ya mnanaa mdomoni, hakuwahi kukaa bila peremende ya mnanaa. Akaihamisha kutoka shavu hili kwenda lile, akamwangalia. "Siku moja utanifunga mikanda kwa mkono wako mwenyewe, Hester. Na siku hiyo nikipanda, sishuki."

Alikufa majira ya baridi, kitandani, uso umeelekea dirisha la upande wa uwanja.

Marubani wa kule wakifa, wengi huchomwa, na majivu hupandishwa kwa ndege zao wenyewe yakamwagwe angani. Na kila mtu pale anajua kwamba majivu yana namna yake ya kumwagwa. Unayapitisha kwenye bomba refu linalotokea chini ya tumbo la ndege, kwa maana upepo wa pangaboi, ile feni ya puani mwa ndege, hauna adabu. Hester alijua. Lakini siku ile, Romilly akiendesha, yeye amekaa mbele na kopo mapajani, huzuni ilimzidi. Akalifungua tu, akalinyanyua.

Majivu yote yakarudi. Yakamwingia machoni, kinywani, kwenye nywele. Yakajaa kwenye kiti cha mbele, chini ya sakafu, kwenye kila upenyo. Walipotua, mama na mwana walikuwa wanacheka huku wanalia.

"Babako amekataa kushuka!" Dougal Frain, mkuu wa maonyesho, alipiga kelele, na uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, nisiseme uongo. Wakaleta brashi, wakaleta mashine ya kufyonza vumbi, wakasafisha walichoweza. "Robo ya mzee bado imo humo," Dougal akasema, "hana haja ya kununua tiketi." Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hatukuwakumbuka wahenga siku ile.

Baada ya hapo, mikanda ikaanza.

Hester aliifunga jioni, akaibana, akaifunika Maud turubai. Asubuhi akaikuta bado imefungwa, ncha bado zimechomekwa, lakini imelegea. Nafasi ya kifua cha mtu mwembamba aliyevaa sweta. Akasema ni ngozi ya mikanda, inanyooka kwa unyevu. Akaibana tena, na kesho yake ikawa vile vile.

Halafu Romilly akamwambia kuhusu mpira wa kusemea. Ndege hizi hazina umeme, hazina redio. Kati ya kiti na kiti kuna mpira mwembamba kama wa kumwagilia bustani. Wa mbele anasema kwenye kikombe cha mpira, wa nyuma anasikia kwenye kofia yake ya ngozi.

"Mama, ule mpira unavuma."

"Upepo huo."

"Ndiyo, upepo," Romilly akakubali. "Ila unavuta, halafu unatoa. Unavuta, halafu unatoa."

Hester akauziba mpira kwa kitambaa. Siku ya pili kitambaa kilikuwa sakafuni, na pale kwenye kiti cha mbele palinukia mnanaa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Watu wa kule ukiwaambia habari hizo wanakuuliza kama umelala vizuri.

Basi, Jumamosi ya maonyesho. Ilipofika zamu ya Maud, Dougal alikuwa tayari amesimama kando ya ubawa, ameshika kamba ya kabari zinazozuia magurudumu. Maud haina breki. Kabari zikitoka, imetoka. Romilly alikuwa amekaa nyuma, kofia kichwani, anachekelea watu. Hester akapanda kwenye ubawa wa chini kufunga kiti cha mbele, kama alivyofanya maisha yake yote.

Akapitisha wa kushoto chini ya wa kulia. Akakunja. Akavuta kubana.

Mkanda ukasukuma.

Polepole tu. Ukajaa chini ya kiganja chake, ukanyanyuka, ukashuka. Akakaa ameushika. Ukajaa tena. Aliniambia hakupiga kelele kwa sababu mdomo ulimkauka, ulimi ukawa kama kipande cha gome. Kiti kilikuwa kitupu. Alikiona kitupu. Na mkono wake ulikuwa juu ya kifua cha mtu anayepumua.

"Mama, vipi? Wananisubiri!"

"Romi," akanong'ona. "Usiruke leo."

"Eh? Kwa nini?"

Aseme nini? Watu elfu na mbwa wao wanatazama. Spika inataja jina la binti yake. Jua linawaka. "Babu yupo," akasema.

Romilly akacheka, lakini kwa upole, akamgusa mama yake shavu. "Basi atafurahi. Nenda kazungushe pangaboi, mama yangu, kabla Dougal hajapasuka."

Na Hester akashuka. Hilo ndilo linalomla mpaka leo. Miguu ilishuka yenyewe, ikaenda mbele ya ndege yenyewe, mikono ikashika pangaboi yenyewe, kwa vile ndiyo kazi iliyoizoea.

Ndege hizi huwashwa kwa mkono. Anayezungusha na aliyekaa ndani huitana na kuitikiana, neno kwa neno, ili mtu asikatwe mkono. Hester akaita, "Swichi zimezimwa?"

"Zimezimwa!" Romilly, kutoka nyuma.

Akazungusha taratibu, kuingiza mafuta. Akarudi hatua. Akaweka viganja juu ya ubao wa pangaboi. Akavuta pumzi.

"Washa!"

"Imewashwa!" Romilly akaitikia.

"Imewashwa," sauti nyingine ikasema. Ya chini. Ya karibu. Ya mtu mwenye kitu mdomoni.

Mikono yake ilikuwa imeshavuta. Injini ikashika kwa mara ya kwanza, bila kukohoa, Maud ambayo haikuwahi kuamka bila kubembelezwa.

Hester akaruka pembeni. Akapunga mikono, akaipishanisha juu ya kichwa, ndiyo ishara ya zima, zima. "Dougal, usivute! Usivute!" Nani angesikia? Dougal alikwisha vuta. Alikuwa anamwonyesha dole gumba, anatabasamu, kamba mkononi. Maud ikampita Hester karibu kiasi kwamba upepo ukamvua kitambaa cha kichwa. Akakimbia nyuma yake. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kwenye nyasi, anakimbiza ndege. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

Maud ikanyanyuka.

Alikuja kusimama kwenye meza yangu kwa sababu ndipo alipofikia nguvu zilipomwishia. Nilimpa maji, hakuyanywa. Spika ilikuwa inasema, "Na huyo ni Romilly Thirkell, peke yake, kwenye Maud ya babu yake!" Ndege ikapita mbele yetu chini chini, nzuri kweli, waya zinaimba.

Kulikuwa na bibi mmoja mgeni, amekaa kwenye kiti chake na darubini. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Peke yake vipi? Mbona wako wawili?"

Hester akamnyang'anya darubini. Hakuomba.

Kiti cha mbele kulikuwa na kichwa. Kofia ya ngozi, mabega membamba, kimetazama mbele. Nyuma yake Romilly. Na Romilly alikuwa ameinua mikono yote miwili, juu, nje, hewani.

Mwalimu wa ndege akitaka kuendesha yeye, humwambia mwanafunzi, "Nimeshika mimi." Mwanafunzi huachia fimbo, na ili mwalimu aamini, huinua mikono yote miwili aionyeshe. Mzee Aldous alimfundisha mjukuu wake hivyo. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko kitu chochote.

"Ameambiwa aachie," Hester akaniambia. "Peg, ameambiwa aachie."

Nikatazama na mimi. Ndege ikakata kona, mwanana kabisa, na mikono ya yule binti bado iko juu. Halafu mikono ikashuka. Ndege ikatikisika, bawa la kushoto chini, la kulia chini, kama watu wawili wanaogombania blanketi. Watu wakashangilia. Halafu ikatulia.

Mikono ikainuka tena. Safari hii taratibu.

Hester akaanza kupiga kelele. "Mshusheni! Mshusheni mwanangu!" Dougal akaja mbio, akamshika mabega. Afanye nini, maskini? Amwite kwa kitu gani, Maud haina redio. Amvute kwa kamba gani? Tulisimama pale, uwanja mzima wa watu wanaojua ndege kuliko wanavyojua wake zao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kufanya. Maud ikageuza pua, ikaelekea baharini, ikipanda, ikipanda.

Dougal akarusha ndege yenye kasi iifuate. Rubani wake aliikuta juu ya mchanga wa ufuoni, akaenda sambamba nayo kwa muda. Aliporudi alikuwa mweupe kama unga. Alisema kiti cha mbele hakukuwa na mtu. Alisema Romilly alimgeukia, akawa anasema kitu, midomo inakwenda, neno moja tu, tena na tena. Halafu ukungu wa bahari ukawameza.

"Neno gani?" Hester akamuuliza.

Yule kijana akatazama viatu vyake. "Nadhani ni 'Mama'."

Boti za uokoaji zikatoka. Watu wakakunja viti vyao, wakaondoka kimya, hata mbwa hawakubweka. Wakati wa mafuta kuisha ukafika, ukapita. Hakuna aliyesema, ila kila mtu pale anajua tangi la Maud linachukua nini. Hester hakutaka kuketi. Alisimama katikati ya uwanja, uso baharini. Jua la kiangazi kule halina haraka ya kuzama, nalo liliendelea tu kuwaka, na mimi nililichukia.

Ndipo waya zikasikika.

Hapakuwa na injini. Upepo tu kwenye waya. Maud ikatokea juu ya ua wa miti, pangaboi limesimama tuli, ikateleza ubavu kidogo kama alivyopenda kufanya mzee, ikajinyoosha, ikagusa nyasi kwa magurudumu yote na mkia kwa pamoja. Ilivyotua! Kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Ikabingirika bila haraka, ikasimama mbele ya Hester, karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kuigusa.

"Romi?" Hester akaita. "Romi, mwanangu?"

Akapanda kwenye ubawa. Mimi na Dougal tulikuwa nyuma yake.

Kiti cha mbele, mikanda ilikuwa wazi, imetupwa huku na huku, kama inavyoachwa na mtu aliyeshuka zake. Palinukia mnanaa.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Na mikanda yake ilikuwa imefungwa. Imebanwa. Wa kushoto chini ya wa kulia, ncha zimekunjwa mara mbili, zimechomekwa ndani.

Hester hakulia. Aliangalia mikanda ile, halafu akaangalia viganja vyake, halafu mikanda.

Wapelelezi walikuja na vipimo vyao. Walisema binti alianguka baharini, na ndege nyepesi ya namna ile, ikipata upepo mzuri, inaweza kujishukia. Dougal aliwauliza, je, anayeanguka hujifungulia mikanda kisha akaifunga nyuma yake? Wakasema mambo ya ajabu hutokea. Bahari haikurudisha kitu, hata kofia.

Watu walimshauri aiuze Maud. Wengine walimshauri aichome. Ningekuwa mimi ningeichoma mchana kweupe na kucheza juu ya moto. Yeye aliiondolea mabawa, akaileta kwenye banda nyuma ya nyumba yake, na ndiko iliko. Aichomeje, wakati hajui ni nani aliyemo?

Kila jioni namwona akivuka bustani. Anaingia bandani, anafungua mikanda ya kiti cha nyuma, anaiacha wazi kabisa ili mtoto ashuke. Anaufunga mlango kwa kufuli, na ufunguo analala nao. Na kila asubuhi anakuta imefungwa. Kushoto chini ya kulia.

Wiki iliyopita alinigongea ukutani. Nikaenda. Asubuhi tulivu, umande bado uko kwenye nyasi. Alikuwa amesimama kando ya Maud, mkono umo ndani ya kiti cha nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ulikuwa na kitu kama furaha, na furaha ile ilinitisha kuliko yote.

"Leo sitaifungua," akaninong'oneza. "Njoo, Peg. Weka mkono wako hapa. Taratibu, usimwamshe."

Sikuweka. Nilisimama mlangoni, nikasema nimeacha birika motoni. Lakini kutoka pale pale mlangoni niliuona ule mkanda, chini ya kiganja cha Hester. Ulijaa, ukanyanyuka kidogo, ukashuka.